Kifurushi cha Halldor

Kilifika Jumanne ya pili ya Oktoba,
kona moja imebonyea, mhuri umefifia,
na ubavuni mtu kaandika kwa kalamu nene:
KIUMBE HAI. FUNGUA UPESI.
Kilikuwa njiani siku kumi na tisa.

Nikampigia simu Halldor Isfeld.
"Sikitaki," akasema. "Kirudishe."
Nikampigia muuzaji. Binti mwenye mafua akanijibu
nauli ya kurudisha inazidi bei ya ua, mama,
litupe tu.

Miaka thelathini na mmoja nyuma ya dirisha la posta
nimetupa kalenda, katalogi za mbegu,
kadi za Krismasi za waliokwisha kufa.
Kiumbe hai, sijawahi.

Jikoni nikakata utepe.
Gazeti lililolowa, kisha gazeti lenye kuvu,
kisha lenyewe: vijiti vitatu, kimoja cheusi tititi,
mizizi mikavu kama kamba za viatu vilivyosahauliwa darini,
na kibao cha plastiki chenye picha ya waridi
jekundu kuliko kitu chochote mjini kwetu.
Picha haina haya.

Nikaliloweka usiku kucha kwenye ndoo ya maji vuguvugu,
kama mtu anayeloweka maharage ya zamani
asiyeamini kama yataiva.
Alfajiri nikashika mkasi, nikakata cheusi
hadi nikauona weupe wa ndani.
Vikabaki viwili.

Kulipanda wima ungekuwa upumbavu.
Hapa, kando ya Ziwa Winnipeg, Januari hushuka
hasi arobaini; kope hugandana,
misumari ya kuta hupasuka usiku kwa mlio wa bunduki.
Basi nikalizika.
Nikachimba mfereji, urefu wa mkono wangu na shubiri,
nikalilaza ubavu, udongo juu,
majani makavu ya mialoni, gunia la kahawa,
na juu ya yote mlango wa lililokuwa banda la kuku.

Petrina alikuwa akipita na mbwa wake.
Akauliza nimezika nini.
Nikamwambia: barua.

Theluji ikaja, nami kwa mara ya kwanza maishani
nikaiombea izidi.
Watu husema theluji huua. Theluji ni blanketi.
Kinachoua ni upepo,
na lile jua la uongo la mwezi wa Machi
linaloamsha mti asubuhi, likauacha ukabwe jioni.
Kila nilipofungua njia ya gari
nilitupia koleo mbili upande ule.
Mgongo ulilalamika. Nikauacha ulalamike.

Februari Halldor alikuja kununua stempu.
Akautazama mzani, akaitazama rafu ya vifurushi,
akaondoka bila chenji yake.

Mei, ziwa likiwa bado na madoa ya barafu,
nikauinua mlango.
Harufu ya chai iliyolala.
Kijiti cha kwanza kilikatika mkononi bila kelele.
Cha pili nikakikwaruza kwa ukucha wa dole gumba:
kahawia, kahawia, kahawia,
halafu, karibu kabisa na pale walipounganisha,
kijani, chembamba kama mstari wa penseli.

Na chini ya kiungo, chipukizi jingine,
nene, lenye miiba mingi, lisilo na mpango wa kufa.
Najua lile si waridi lililoagizwa.
Ni mzizi wa mwitu unaojisemea.
Najua linafaa kukatwa, la sivyo litameza chakula chote.
Nilisimama na mkasi wazi
mpaka Petrina akapita tena, akarudi.

Nikaurudisha mfukoni. Kesho, nikasema,
kama wasemavyo watu kaunta wakikosa anwani.

Jioni nikapiga simu.
"Kifurushi chako," nikasema, "kimechelewa."
Kimya kirefu; nikasikia redio yake, habari za ngano.
Kisha sauti, kama ya mtu aliyekaa ghafla:
"Lina majani mangapi?"

Nikailaza simu mezani bila kuikata,
nikatafuta miwani,
nikatoka nje kuhesabu.